Meno ya Mbegha

Mbegha, mwindaji kutoka Unguu ambaye Washambaa humtaja kuwa chimbuko la ufalme wao, alizaliwa kigego. Meno yake ya juu yalitangulia kuota kabla ya yale ya chini, na kwa desturi ya watu wake hiyo ilikuwa dalili ya mtoto atakayewamaliza ndugu zake. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mwandishi wa Habari za Wakilindi, kitabu cha Kiswahili kilichoanza kuchapwa na wamisionari wa Magila mwaka 1895, anaiweka habari hiyo ya meno mwanzoni kabisa mwa masimulizi yake. Vifo vilipotokea katika ukoo, lawama zilimwangukia Mbegha, akanyimwa urithi, akahama. Huko Kilindi alikokimbilia alipata rafiki, mtoto wa mtawala, wakawa wanawinda pamoja. Nguruwe mwitu akamuua yule kijana, na Mbegha akakimbia tena. Mtu aliyeyasikia mambo hayo mawili tu, meno na vifo, angesema dalili ile ilikuwa ya kweli. Lakini ndiye huyu aliyepanda milima ya Usambara, akawaua nguruwe waliokuwa wakila mashamba, akawagawia watu nyama, akaua simba, na watu wa Vuga wakamfanya mfalme wao.

Nayaeleza haya kwa sababu kijana wa namna hiyo, aliyehukumiwa kwa kilichomo kinywani kabla hajamuuma mtu, ndiye mhusika mkuu wa aina ya riwaya inayosomwa na vijana wengi duniani leo: riwaya ya mnyonya damu aliye mwanafunzi wa sekondari. Katika Dracula ya Bram Stoker, ya mwaka 1897, mnyonya damu ni bwana mkubwa wa zamani, mgeni anayetoka katika ngome yake ya mbali. Stephenie Meyer, katika Twilight ya mwaka 2005, alimketisha darasani. Adam Rex, katika Fat Vampire ya mwaka 2010, alimfanya wa kuchekesha: kijana mnene wa miaka 15 ambaye, kwa kuwa hafi wala hazeeki, atabaki mnene na mwenye miaka 15 siku zote. Wapo wanaoziona riwaya hizi kuwa upuuzi wa kigeni, na wapo wanaoziona kuwa hatari kwa imani. Mimi nashikilia kwamba swali lililomo ndani yake ni zito na ni letu, tena milima ya Usambara ilikwisha kulijibu: je, mtu anaweza kuwa na hatia kwa jinsi alivyozaliwa?

Swali hili si la kale tu. Tangu miaka ya 1980, katika sehemu mbalimbali za Tanzania, watoto wachanga wenye homa au kuhara wamekuwa wakipelekwa kung'olewa yanayoitwa meno ya plastiki. Mtu anafumbua kinywa cha mtoto, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, anauchokoa kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli. Uvimbe ule ni chonge inayojiandaa kuota kama Mungu alivyoipanga. Kinachofuata ni kutokwa damu, vidonda kuoza, wakati mwingine kifo, na kwa anayepona, huenda jino lake la kudumu likaota limeharibika. Hapa damu ya mtoto inamwagwa na watu wanaoamini kwamba wanamwokoa kutokana na meno yake mwenyewe. Waliowaogopa vigego walifuata mantiki hiyo hiyo: kuna ubaya, basi uko mwilini, basi tuutafute mwilini. Waliowawinda watu wenye ualbino katika nchi hii, na waliowaua bibi vizee kwa wekundu wa macho uliotokana na moshi wa jikoni, walifikiri vivyo hivyo. Kwa hiyo hadithi inayomweka mbele ya msomaji kijana mwenye chonge ndefu, ikamlazimisha msomaji kungoja aone atafanya nini, inagusa jambo ambalo limeua watu wetu.

Dini mbili zinazofuatwa zaidi Lushoto, kwenye milima hiyo hiyo ya Usambara, yaani Uislamu na Ukristo, zimelizungumza jambo hili bila kificho. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anakataa kwamba mwana abebe uovu wa baba yake. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, na Yesu analikataa swali lenyewe. Qur'ani, katika Sura ya Al-An'am na kwingineko, inafundisha kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine, na Waislamu hufundishwa kwamba kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi. Mkristo wa Kilutheri anaweza kunijibu kwamba kanisa lake linafundisha dhambi ya asili, yaani binadamu huzaliwa akiwa tayari na doa. Ni kweli. Lakini doa hilo ni la wote, la mchungaji na la mzee wa kanisa kama la mtoto wa jirani. Fundisho linalosema wote wamezaliwa na dhambi halimpi mtu yeyote ruhusa ya kumnyooshea kidole mtoto mmoja kwa ajili ya meno yake. Linamnyang'anya ruhusa hiyo.

Hapa ndipo linapoingia pingamizi lenye nguvu kuliko yote, na lazima lipewe nafasi yake. Kigego, mtu atasema, ana meno tu. Meno hayana nia. Mnyonya damu wa riwayani ana kiu ya kweli. Anataka damu ya wenzake wa bwenini, na siku moja asipojizuia atawadhuru. Je, kumfanya apendwe si kuwafundisha vijana kwamba tamaa mbaya haina ubaya? Jibu ninalolipata liko katika mwezi wa Ramadhani na katika Kwaresima. Mwanafunzi wa Kiislamu anayefunga ana njaa, tena njaa halisi, na chakula kiko mbele yake. Hakuna shehe anayemwambia kwamba amefuturu kwa kuwa ameona njaa. Kinyume chake, bila njaa ile kusingekuwa na saumu ya kutajwa. Hata sheria inayoharamisha kula damu, ambayo imo katika Sura ya Al-Maida kama ilivyomo katika kitabu cha Walawi, haimhukumu mtu kwa kutamani, na Qur'ani inaongeza msamaha kwa aliyebanwa na njaa pasipo kukusudia dhambi. Yaani sheria inaangalia tendo, nia na hali. Kijana wa riwayani anayekaa miaka minne ya sekondari na kiu yake bila kumgusa mtu hafundishi kwamba kiu ni njema. Anaonyesha kitu ambacho kila kijana wa miaka 15 anakihitaji, kwamba hasira, wivu na tamaa za mwili zinazomjia bila kualikwa bado hazijamfanya kuwa mtu mbaya. Simjui mhubiri ambaye angetaka vijana waamini kinyume cha hapo.

Na Washambaa walikuwa na fikra iliyokwenda mbali zaidi. Steven Feierman, mwanahistoria aliyewasikiliza wazee wa Usambara na kuandika juu yao katika vitabu vya mwaka 1974 na 1990, anaeleza kwamba kwao nguvu ya mfalme ilikuwa moja: aliyeweza kuiponya nchi ndiye huyo huyo aliyeweza kuiharibu. Uganga ulioleta mvua uliweza pia kuleta ukame. Watu hawakumtafuta mfalme asiye na uwezo wa kudhuru. Mfalme wa namna hiyo asingefaa kitu. Walimtaka mwenye nguvu ambaye angezielekeza kwenye uhai, na walimpima kwa mavuno na kwa mvua. Kwa mtazamo huo ujuzi wa Mbegha wa kuua ndio uliokomboa mashamba ya milimani. Hakubadilika kuwa mtu mpole asiye na mkuki. Mkuki ulipata mahali pake. Wakilindi, yaani wafalme wa ukoo wake waliomfuata, hadi kwa Kimweri ye Nyumbai ambaye mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852, walitawala kwa jina la mtu ambaye huko Unguu alikozaliwa alionwa kuwa balaa.

Pingamizi jingine linatoka kwa wanaokumbuka mumiani. Uvumi wa watu wanaonyonya damu ulienea Afrika Mashariki yote wakati wa ukoloni. Mombasa na Nairobi walihofiwa wazimamoto, Kongo batumbula, na Dar es Salaam mwaka 1959 uvumi wa mumiani ulizua ghasia Buguruni. Usambara yenyewe haikuwa mbali na hofu hiyo, maana kule Amani, katika kituo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, baada ya Vita vya Pili vya Dunia watafiti wa malaria walifanya kazi ambayo haikuwezekana bila kuchukua damu za watu. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alionyesha kwamba uvumi huu haukuwa ujinga mtupu: ulikuwa njia ya watu kueleza utawala ulioingia mwilini mwao, ukachukua kazi yao na afya yao, bila kuwauliza. Basi, watasema, mnyonya damu kwetu ni kumbukumbu ya dhuluma, na dhuluma haichekwi.

Naukubali ukweli wote wa hoja hii isipokuwa hitimisho lake. Mumiani alilaumiwa kwa tendo, nalo ni kuchukua bila ridhaa, na kwa sababu hiyo uvumi ule ulikuwa na ukweli wa kimaadili. Ubaya wake ulianza pale shutuma ilipoacha tendo na kushika sare, gari, au mtu mgeni aliyepita jioni. Mwaka 2017, katika wilaya za Mulanje na Phalombe nchini Malawi, uvumi kama huo ulisababisha makundi ya watu kuua, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake huko. Waliouawa hawakuwa wamenyonya damu ya mtu. Hofu ilirudi kule kule kwa kigego. Tofauti ambayo hadithi ya shuleni inaweza kuifundisha ni hii ya ridhaa. Watu wa Mpango wa Taifa wa Damu Salama hufika katika shule za sekondari, na wanafunzi hunyoosha mkono kwa hiari yao ili mama anayejifungua apate kuishi. Ni damu ile ile, sindano ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mtu ameulizwa na amekubali. Mwandishi atakayemweka mnyonya damu wake kwenye foleni ya wachangiaji, akihangaika kati ya kiu na aibu, atakuwa na mandhari ya kuchekesha sana na pia swali la maadili ambalo mwalimu wa uraia angeweza kulitumia kipindi kizima.

Lakini je, kicheko kinaaminika? Januari 1962 wasichana wa shule ya bweni ya Kashasha, upande wa Bukoba, walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia, kikaenea, na kufikia Machi shule ilibidi ifungwe. Kicheko kile hakikuwa furaha. Kilikuwa dhiki iliyopata mlango wa kutokea. Kwa hiyo sisemi kwamba kila kicheko kinaponya. Kuna kicheko cha kundi linalomzunguka mtoto mwenye meno yaliyopinda, na hicho ni ukatili ambao kila shule inaujua. Kinachoamua ni nani anayechekwa. Riwaya ikimcheka kijana kwa chonge zake, imejiunga na ndugu wa Mbegha waliomnyima urithi. Ikiwacheka wanaomkimbia huku yeye akitafuta tu mtu wa kukaa naye mezani wakati wa maharage, imeishusha hofu, nayo hofu ikishuka, macho yanaanza kuona matendo.

Kuna wazazi ambao bado watasema: kwa nini tusiwape watoto hadithi za watu wema tu, zisizotaja majini wala wanyonya damu? Nawaheshimu, na wana haki ya kuchagua vitabu vinavyoingia nyumbani mwao. Ila shirki ni kumshirikisha Mungu na kingine, na ushirikina ni kuamini kwamba jino lina nguvu juu ya hatima ya mtu. Hadithi inayoonyesha kwamba jino halina nguvu hiyo inaupinga ushirikina kwa silaha ambayo mahubiri hayana, kwa kuwa msomaji huishi na mhusika kurasa 200 na kumzoea. Watoto wasiosoma hadithi kama hizo hawabaki watupu. Wanasikia nyingine, mtaani na kwenye simu, ambako mwenye meno huwa mwovu kila mara na mwisho wake ni kuchomwa moto.

Basi nawaomba waandishi wetu, hasa vijana wa Lushoto, Soni, Mlalo na Bumbuli, waiandike riwaya hiyo. Mazingira wanayo: ukungu wa Magamba unaoficha jua siku nzima, bweni lenye baridi, paredi ya asubuhi, matroni anayehesabu vitanda. Mhusika wanaye tangu zamani. Na wakutubi wa shule wasiikatae kwa kuona jalada peke yake; waisome kwanza hadi mwisho, ndipo waamue.