Siku ya Zege, Uwepo Saiti

"Mimi nimeshamkabidhi fundi kila kitu, nasubiri funguo tu." Maneno hayo niliyasikia wiki hii hapa Mbeya, kwenye kikao cha harusi. Aliyeyasema ni mwalimu ninayemheshimu sana, na waliokuwepo wakatikisa vichwa kwa kumsifu, kana kwamba kukaa mbali na saiti ni dalili ya kufanikiwa. Yeye anakaa Forest. Nyumba yake inapanda Isyesye, jiji hilihili, na hajakanyaga pale tangu msingi ulipochimbwa.

Kauli ile haikunitoka kichwani. Jumamosi nikamwomba twende wote. Tuliwakuta vijana wanapandisha kuta kwa kasi, wachangamfu, redio inaimba, na rundo la tofali za kuchoma limekaa juani, kavu kabisa. Walikuwa wanazichukua hivyohivyo na kuzipanga. Pipa la maji lilikuwepo, lakini maji yalikuwa nusu, ya kukorogea mchanga na saruji tu.

Sasa, tofali la kuchoma linakunywa maji. Ukilipanga kavu, linanyonya maji ya saruji iliyo chini yake kabla haijashika vizuri, na baadaye ukikwangua kiungo kile kwa msumari kinadondoka kama unga. Dawa yake ni kuziloweka tofali kwanza, basi. Nilipomuuliza fundi mkuu alijibu kwa upole: "Mzee, maji ya bomba huku yanatoka kwa mgawo, na mwenye nyumba hajasema tununue."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Fundi alikuwa anajua. Hakuwa mwizi wala mvivu. Alichokosa ni mtu wa kuamua, mtu wa kusema "leteni boza" na kutoa hela. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akatoa simu akaagiza maji palepale. Kuta zilizokwisha kupanda zimebaki zilivyo, na hakuna atakayeziloweka tena.

Najua mtakachonijibu. Mtasema ukimkalia fundi shingoni unamwonyesha kwamba humwamini, na kwamba mtu asiyejua kuchanganya zege hana la kumwambia mwenye kazi yake. Hoja ya kwanza inasikika kama adabu, lakini siikubali. Kule Kihesa, Iringa, namfahamu mama mmoja mstaafu aliyejenga vyumba vitatu kwa kiinua mgongo chake. Alikuwa anafika asubuhi na chupa ya chai, anasalimia kila mtu, "kamwene", mpaka saidia fundi wa mwisho, kisha anakaa pembeni na daftari. Mifuko mingapi ya saruji imefika, mingapi imefunguliwa leo, imekwenda wapi. Hakuwa anagombana na mtu. Nilimuuliza fundi wake kama lile daftari halimkeri. Akasema ni kinyume chake: saruji ikipungua hakuna wa kumsingizia, na Jumamosi ikifika mama anajua kazi iliyofanyika, analipa bila mabishano. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kwamba heshima ya fundi nayo huisha hivyohivyo.

Hoja ya pili, ya kutokujua, ina uzito kidogo, na jibu lake ni kwamba si kila siku unahitajika. Ukuta unaweza kuutazama hata mwakani, rangi pia. Lakini kuna vitu vinafukiwa. Nondo za msingi zimelala juu ya udongo mtupu au zimeinuliwa ili zege lizizunguke pande zote? Nailoni ya kuzuia unyevu imetandikwa kabla ya jamvi? Kwa baridi na unyevunyevu wa huku kwetu, asiyeiweka ataliona kosa hilo ukutani kila masika. Zege la lenta limemwagiwa maji walau siku 7, au liliachwa likauke na jua? Maswali haya hayahitaji shahada. Yanahitaji uwepo siku ile, kwa sababu kesho yake hakuna cha kuangalia tena.

Na lenta si jambo la kupuuza. Mbeya imekaa ndani ya Bonde la Ufa. Tulioona picha za Kagera baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, na kuta za tofali zilivyolala chini, hatuna sababu ya kudhani kwamba sisi tumesamehewa. Zege lenye nondo linalozunguka nyumba nzima ndilo linalozishika kuta zisiachane.

Halafu kuna mvua. Huku Nyanda za Juu Kusini zinaanza Novemba, zinakwenda mpaka Aprili au Mei, kwa hiyo kila mwenye boma anakimbilia kupaua kabla ya hapo. Katika haraka hiyo ndipo zinapoletwa mbao mbichi kutoka upande wa Mafinga, hazijakauka, hazijatiwa dawa, na kenchi inaanza kujipinda chini ya mabati mapya. Mwenye nyumba aliyeko anaweza kusema tusubiri wiki mbili. Asiyekuwepo amesemewa.

Sitetei wale wanaofika saiti kila jioni na wazo jipya. Leo dirisha lihamie huku, kesho sebule iongezwe. Ramani iliyogongwa muhuri wa halmashauri pamoja na kibali ndiyo ya kufuata, na mwenye kuivunja ni mwenye nyumba mara nyingi kuliko fundi. Vivyo hivyo anayechelewesha posho ya vijana halafu anadai ubora.

Wanaonisoma wakiwa Dodoma, Dar es Salaam au Muscat watauliza wao wafanyeje. Picha za WhatsApp hazitoshi, kwa maana hupigwa kazi ikishafunikwa. Shemeji naye hatoshi, hata awe mwaminifu vipi, kama hajui cha kutazama. Mlipeni fundi sanifu asiye wa timu ya ujenzi, aje siku ya nondo, siku ya zege na siku ya kenchi, awapigie simu kabla koleo la kwanza halijainuliwa. Hela hiyo ikikosekana, zege lisubiri likizo yenu. Msingi ulioachwa kiangazi kimoja bila kumwagwa hauna hasara inayokaribia ile ya kuuvunja.