Kitabu cha Mtoto na Kitabu cha Mtu Mzima

Mzazi mmoja wa hapa Taveta alitujia na Safinatun Najaa mkononi, akitutaka tumwondolee darsa hiyo bintiye wa miaka 10. Kwani, alisema, mna mambo ya watu wazima. Hatukumlaumu. Kitabu hicho cha Sheikh Salim bin Sumeir, aliyefariki mwaka 1855, ndicho wasomeshwacho watoto wengi wa pwani mwanzoni, na kurasa zake za kwanza zataja alama za kubaleghe: kutimia miaka 15, kutokwa na manii, na hedhi, nayo yaweza kuja tangu miaka 9.

Basi binti aambiwe lini? Siku ya hedhi yake ya kwanza sheria yamtaka azijue hukumu zake. Asiyefundishwa jana atafanyaje leo? Mwana Kupona wa Pate naye alimtungia bintiye utendi mnamo 1858, ukataja mume na unyumba, na wanawake watu wazima hawakuuacha kwa kuwa aliusiwa mtoto.

Twaona mpaka haumo katika jambo litajwalo, bali katika namna ya kulitaja. Safina hulitaja kwa neno moja, ikapita. Ziko hadithi ziuzwazo kwa jina la vijana, zikalizungusha jambo lilo hilo kurasa nzima ili damu ichemke. Hizo hata sisi wenye ndevu hazitufai.

Mzee yule alikirudisha kitabu, ila akashurutisha mlango wa janaba bintiye asomeshwe na mamaye. Tukakubali.