Je, Ni Haki Kuipima Ajon kwa Kipimo cha Berliner Weisse?

Wenzangu walinichagua kuwa katibu wa kikundi chetu cha wanafunzi wanaojifunza kupika pombe kwa sababu mimi sinywi. Walisema mtu asiyekunywa hatapoteza daftari. Kazi yangu ilikuwa kupanga ratiba: kila mwezi aina moja ya pombe, iletwe, ionjwe, ipewe alama. Mwezi wa pombe za ndizi ulipita salama. Mwezi wa pombe chachu ndio ulioniachia swali hili.

Tulitumia karatasi ya alama ya Beer Judge Certification Program, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1985. Alama zote ni 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, jinsi kinywaji kinavyokaa mdomoni 5, na 10 za jumla. Nami, kwa uvivu wa kufikiri, niliiweka ajon ya kwetu Teso kundi moja na Berliner Weisse ya Ujerumani, eti kwa kuwa zote zina uchachu. Berliner Weisse ni nyepesi, ya rangi ya majani makavu, na hunywewa baridi ikitoa mapovu. Ajon ni ya ulezi, nzito, hutiwa maji ya moto chunguni na kunyonywa kwa mirija mirefu, watu wamezunguka chungu kimoja. Mnaweza kukisia ilishika nafasi gani. Nilikuwa nimetumiwa kwa basi na shangazi yangu, ambaye pombe yake ndiyo iliyonilipia karo ya sekondari.

Je, tulimkosea? Mwenzangu mmoja alisema hapana: haki ni kipimo kimoja kwa wote, na mwonjaji asijue nani kapika. Hoja hiyo ina nguvu, maana ningekuwa mwonjaji ningempendelea shangazi. Lakini kutomjua mpikaji ni jambo moja, kutojua kilichopikwa ni jambo jingine. Mwongozo wenyewe hutenganisha aina ili bia nyeusi isiadhibiwe kwa kukosa rangi ya dhahabu. Kosa lilikuwa la mpanga ratiba.

Mwingine akauliza: kila pombe ikipimwa kwa vigezo vya kwao, itakuwapo mbaya kweli? Nilimpigia shangazi simu. Alicheka. "Mwanangu, juzijuzi nimemwaga pipa zima." Unga uliochachuka hukaangwa hadi uwe kahawia, huanikwa, kisha huchanganywa na maji na kimea cha ulezi. Siku ile unga uliungua kidogo, na uchungu wa namna hiyo hautoki. Kumbe vigezo anavyo, tena vikali kuliko vyetu, ila havijaandikwa.

Kisha akaniuliza walikaa wangapi kwenye chungu. Nikamwambia hakukuwa na chungu. Kila mtu alikuwa na kikombe chake kidogo, na pombe ilikuwa imepoa. Akanyamaza. "Basi hawajainywa."

Hapo ndipo siwezi kumfuata hadi mwisho. Ladha ya ajon hubadilika kadiri maji ya moto yanavyoongezwa, kwa hiyo anayeonja mara moja ameonja mwanzo tu. Kwa hili shangazi yuko sahihi hata mbele ya mwanakemia. Lakini mazungumzo ya wazee waliozunguka chungu, je, ni sehemu ya pombe au ni mali yao wenyewe? Sioni nani anastahili kuyapa alama, na nisingependa tujaribu.

Mwezi ujao tumepanga ajon peke yake. Vitakuwapo vyungu vitatu vya wapikaji watatu, watakaolipwa ulezi, kuni na kazi yao, na karatasi ya alama wataitunga wao. Kila mwonjaji atakuja na mrija wake. Yule mwenzangu amekubali, kwa sharti kwamba vyungu visiwe na majina. Mimi nitashika birika la maji ya moto.