Ada ya Kuzikana

Mji wa Bodie, ulioko mita zipatazo 2,550 juu ya usawa wa bahari mashariki mwa California, una jina la mtu ambaye hakuwahi kuuona. Mtu huyo, Bodey, aligundua dhahabu mahali hapo mwaka 1859, na kipupwe cha mwaka huohuo kikamuua: alikuwa anarudi na mahitaji, dhoruba ya theluji ikamkuta njiani. Mifupa yake ilifukuliwa miaka ishirini baadaye, mji ukiwa umekwisha kushamiri na wakazi wake wakihesabiwa kwa maelfu, nao wakamzika upya kwa heshima na kuagiza nguzo ya jiwe la kumkumbuka. Mwezi Septemba 1881, Rais James Garfield akafariki kwa majeraha ya risasi. Nguzo iliyokusudiwa Bodey ikaandikwa jina la Garfield. Mpaka leo imesimama makaburini Bodie, ilhali kaburi la Bodey halikuwekewa alama.

Siwalaumu sana watu wale. Ndivyo rambirambi zinavyokwenda zikiachwa zijiendee: hufuata jina kubwa. Mtu mmoja akifa mji mzima hufunga maduka. Mwingine akifa, hata wa kuchimba kaburi hutafutwa. Na Bodie ulikuwa mji wa watu wa namna hiyo ya pili. Mchimbaji aliyetoka Ireland au Cornwall hakuwa na mjomba pale, wala shangazi wa kumlilia. Alilala chumba cha kupanga, akashuka mgodini, na siku mwamba ukimwangukia au homa ya mapafu ikimkamata, waliomfahamu kwa jina walikuwa wachache. Swali la nani atamzika lilikuwa la kila siku.

Karibu mwaka 1880, kwenye barabara kuu ya mji huo, Odd Fellows, chama cha kusaidiana, walijenga jumba la mbao lenye ghorofa. Wao walikutana juu. Chini palikuja kuwa na klabu ya mazoezi. Chama chao kilianzishwa Marekani tarehe 26 Aprili 1819, katika baa moja ya Baltimore, na Thomas Wildey, fundi mhamiaji kutoka Uingereza, pamoja na wenzake wanne. Amri zao zilikuwa nne: kumtembelea mgonjwa, kumsaidia mwenye shida, kumzika maiti na kumsomesha yatima. Hadi mwanzo wa karne ya ishirini, mji mdogo wa Marekani usiokuwa na ukumbi wao au wa chama kinachofanana nao ulikuwa nadra.

Najua hapa baadhi ya wasomaji wataanza kuwa na wasiwasi. Kwetu chama chenye ukumbi, vyeo na kiapo huitwa Frimasoni moja kwa moja, kisha hufuata hadithi za utajiri wa damu na kafara. Sir Andy Chande, Frimasoni maarufu wa Tanzania aliyefariki mwaka 2017, alitumia miaka mingi kuwaeleza Watanzania kwamba uanachama wake haukuwa hivyo, na bado minong'ono haikukoma. Odd Fellows nao walikuwa na siri zao. Mwanachama mpya alifungwa kitambaa machoni, akaongozwa ukumbini, na kitambaa kilipofunguliwa akajikuta uso kwa uso na jeneza lenye mifupa ya mtu. Mara nyingi mifupa hiyo ilikuwa ya kweli. Hata leo, majumba yao ya zamani yanapouzwa na mafundi kubomoa kuta, hutokea mifupa ikakutwa na polisi wakaitwa.

Mimi siioni mifupa ile kuwa uchawi. Naiona kuwa ni darasa lililowekwa mahali pake hasa, mlangoni. Kabla hujalipa ada, kabla hujajua mwenyekiti ni nani, unaambiwa jambo ambalo kwalo wote mlioketi humo mnafanana. Tajiri wa mji na msukuma toroli wataishia kwenye sanduku la ukubwa uleule. Ukishakubali hilo, kuchangia maziko ya mtu usiyempenda hakukupi shida tena.

Nguvu ya chama ilikuwa kwenye ada. Mwanachama alilipa akiwa mzima, bila kujua nani atatangulia. Fedha ile haikuwa na jina la mtu. Aliyeumwa alipata posho ya wiki. Katika matawi mengi wenzake walikesha naye kwa zamu, na aliyekwepa zamu alitozwa faini. Alipokufa alizikwa. Hapakuwa na kikao cha kujadili kama marehemu alikuwa mcheshi au mchoyo. Mtu mgomvi na mtu mpendwa walipata jeneza sawa, kwa kuwa haki yao ilikuwa imekwisha kulipiwa. Naona hapo pana heshima kubwa kuliko ya nguzo ya Garfield.

Lakini mlango wa ukumbi ulikuwa mwembamba. Katiba ya Odd Fellows iliruhusu wanaume weupe tu, na sharti hilo la rangi halikuondolewa hadi mwaka 1971. Wanawake walifunguliwa daraja lao la Rebekah mwaka 1851. Watu weusi waliokataliwa hawakukaa wakilia mlangoni: mwaka 1843 Peter Ogden, baharia mweusi, alipata hati moja kwa moja kutoka kwa Odd Fellows wa Uingereza, na tawi lao likaanza New York. Wachina wa California, ambao Bodie pia walikuwa na mtaa wao, walikuwa na vyama vyao vilivyohakikisha mifupa ya marehemu inarudishwa China. Kila aliyefungiwa nje alijenga kitu kilekile upande wa pili wa ukuta. Mifupa iliyofundisha usawa ndani ya ukumbi haikufundisha lolote kuhusu aliyekuwa nje.

Bima za makampuni na sheria ya Marekani ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935 zilichukua sehemu kubwa ya kazi ya vyama hivi, na kwa upande wa fedha ziliifanya vizuri zaidi. Mjane hakutegemea tena sanduku la tawi linaloweza kufilisika. Kilichobaki bila mwenyewe ni ile zamu ya kukesha.

Leo Watanzania na Wakenya wanaoishi Marekani huchangishana kusafirisha mwili wa mwenzao nyumbani. Ujumbe hutumwa kwenye simu, picha ya marehemu huwekwa, fedha huingia. Aliyekuwa na marafiki wengi, kanisa kubwa au ukoo mpana, kiasi hutimia kwa siku chache. Aliyekuwa mkimya, aliyefanya kazi za usiku na hakuhudhuria harusi za watu, mchango wake husuasua. Wapo wanaolipa ada kabla ya msiba, kama vyama vya kuzikana vya mitaani Dar es Salaam, na naamini hao ndio wamelielewa jambo hili. Wakikaa kuandika katiba, kipengele cha kiasi cha ada kitawachukua dakika chache. Watakapopaswa kukesha ni kwenye kipengele cha nani anaruhusiwa kujiandikisha: Mrundi wa jirani, asiye na vibali, yule asiyeelewana na katibu.