Uhai wa Mawindo na Haki ya Mwindaji

Swali la ni nani aliyempa binadamu haki ya kuutoa uhai wa mnyama ambaye hakumfuga wala hakumlisha limejibiwa kwa namna nyingi, lakini majibu mengi hufuata mojawapo ya njia mbili: ile inayoiona haki hiyo kuwa ya asili, yaani imo ndani ya maumbile yenyewe, na ile inayoiona kuwa idhini tu, yaani ruhusa iliyotolewa na Mwenye viumbe kwa masharti, na ambayo huondoka masharti yakivunjwa. Mwenye haki ya asili haulizwi kitu, ilhali aliyepewa idhini hubaki na wajibu wa kujieleza kila anapoitumia.

Njia ya kwanza imeelezwa waziwazi na Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, ambaye katika kitabu chake kuhusu siasa anafundisha kwamba mimea ipo kwa ajili ya wanyama na wanyama kwa ajili ya binadamu, na kwa hiyo kuwinda ni njia halali ya kujipatia riziki. Hakuishia hapo, kwani aliuhesabu uwindaji kuwa tawi la sanaa ya vita, akaona ni haki kuitumia sanaa hiyo dhidi ya wanyama na vilevile dhidi ya watu ambao, kwa maoni yake, wameumbwa kutawaliwa lakini wanakataa. Katika Afrika Mashariki, ambako misafara ya watumwa ilipita hadi karne ya 19, hoja hiyo haiwezi kusomwa kwa utulivu, maana inaonyesha kwamba anayeijenga haki ya kuwinda juu ya ubora wa mwenye nguvu hana mpaka wa kumzuia asimwinde binadamu mwenzake.

Fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ilishika njia ya pili, na undani wake unaonekana katika mambo madogo ambayo msomaji mwenye haraka angeyapita. Kurani, katika sura ya Al-Maida, inahalalisha kile kinachokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda, kwa sharti kwamba jina la Mwenyezi Mungu litajwe. Hadithi zinaeleza kwamba Adi bin Hatim, sahaba aliyewinda kwa mbwa, alipomuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu jambo hilo, alijibiwa kwamba mbwa aliyefunzwa akitumwa na jina likatajwa, windo huliwa, lakini mbwa akilila windo hilo, mtu asile, kwa sababu mbwa amejiwindia mwenyewe, na akikutwa mbwa mwingine pamoja naye, mtu asile pia, kwa kuwa jina lilitajwa juu ya mbwa wake, si juu ya yule mwingine. Mnyama aliyepigwa kwa ubavu wa mshale badala ya ncha haliwi, na aliyeangukia majini akakutwa amezama huachwa, kwani haijulikani kama ameuawa na mshale au na maji.

Masharti haya yote yanalenga jambo moja. Mbwa ni wakala, mtu ndiye anayewajibika, na uhalali hutegemea mfululizo usiokatika kutoka nia ya mwindaji hadi kifo cha mnyama, kiasi kwamba shaka ikiingia mahali popote, nyama huachwa hata kama mwindaji ana njaa ya kawaida na mnyama amekwisha kufa. Madhehebu yametofautiana: Wahanafi huharamisha nyama iwapo jina limeachwa kwa makusudi, Washafii, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, huona kulitaja ni sunna, na Wamaliki hawamkatazi mtu nyama iliyoonjwa na mbwa. Tofauti hizo hazigusi msingi wenyewe.

Msingi huo unadhihirika zaidi katika ihramu, hali ya utakaso anayoingia mwenye kuhiji, ambapo kuwinda mnyama wa nchi kavu ni haramu. Sura hiyohiyo ya Al-Maida inawaambia waumini kwamba watajaribiwa kwa mawindo yaliyo karibu kiasi cha kufikiwa kwa mikono na mikuki. Aliyeua kwa makusudi hulipa fidia, yaani mnyama wa kufugwa anayelingana na aliyeuawa, kwa uamuzi wa watu wawili waadilifu, au alishe maskini, au afunge. Na masahaba waliamua kwamba mbuni alipiwe ngamia, fisi alipiwe kondoo dume, na paa alipiwe mbuzi. Ni ajabu kubwa kwamba watu wawili waadilifu wakae kupima uzito wa kifo cha paa.

Mwanafalsafa wa Hispania José Ortega y Gasset, katika maandishi yake ya 1942 kuhusu uwindaji, alitoa utetezi bora zaidi wa mwindaji wa michezo: kwamba thamani imo katika msako wenyewe, mnyama akiwa na nafasi ya kweli ya kuponyoka, na kwamba kifo ni sharti la msako kuwa wa kweli. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaufanya uhai wa mnyama kuwa kithibitisho cha jitihada ya mtu, jambo linalokaribia mno lile ambalo Mtume alilikataza alipokataza chenye roho kufanywa shabaha.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo mwaka 1977, ilhali Tanzania huruhusu uwindaji wa kitalii katika vitalu, kwa leseni na ada. Nyama ya nyati au pofu ikigawiwa wanakijiji, hoja ya riziki bado inaweza kusimama. Simba ni jambo jingine. Wanavyuoni wa zamani walimweka miongoni mwa wanyama wanaoruhusiwa kuuawa, lakini illa, yaani sababu ambayo hukumu imejengwa juu yake, ilikuwa madhara yake kwa watu na mifugo, na hukumu hufuata illa yake inapokuwapo na inapokosekana. Simba aliyevutwa kwa chambo ndani ya kitalu, mbali na zizi na makazi, ili ngozi na kichwa chake viwe nyara ukutani, haliwi na hakumdhuru mtu. Ada iliyolipwa kwa serikali humpa mwindaji ruhusa ya serikali, wala haimpi ile idhini ambayo Adi bin Hatim alikwenda kuiulizia.