Kinywa cha Mwenzetu

Katika mchezo wa kompyuta uitwao Baldur's Gate 3 (2023), mchezaji huongoza kundi la wasafiri. Ikibidi kumshawishi mtu, aweza kumtanguliza mwenziwe aliye hodari wa maneno. Je, ni uvivu? La. Hapa Lubumbashi kijana haendi kuposa peke yake. Jamaa humtuma msemaji. Musa naye, mzito wa ulimi, alipewa Aroni awe kinywa chake (Kut. 4).

Lakini tuangalie, wasomaji wapenzi: Musa alipokawia mlimani, Aroni yule yule aliwaundia watu ndama wa dhahabu (Kut. 32). Basi tuazime ulimi, tusiazime dhamiri. Msemaji akiahidi mahari, si yeye atakayeilipa. Tumsikilize asemapo, kisha tulitimize neno lake, maana ni letu.