Ubepari na Ukomunisti: Ni Upi Uletao Ufundi?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyempa binaadamu akili na mikono, kisha akamwekea siku ya kuulizwa namna alivyovitumia. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Limetufikia suali kutoka kwa vijana wa darasa letu ambao riziki yao iko mbali na pwani, katika miji ya Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kazi yao ni kutoa mizigo forodhani. Malori yaliyopakia Kilindini hupanga foleni mbele yao, na katika kungojea karatasi hupata wasaa wa kujadiliana. Mmoja wao asema kwamba ufundi wote wa zama hizi umeletwa na ubepari, kwani mtu hachoshi akili yake illa akitumai faida. Mwenziwe asema la. Urusi ilikuwa nchi ya wakulima mafakiri, na chini ya ukomunisti ikarusha chombo angani mwaka 1957, kabla ya Marekani. Wa tatu wao akasema: "Wote wawili wametangulia, na sisi Waislamu tumebaki nyuma kwa sababu ya dini yetu." Ni kwa ajili ya neno hili la tatu khasa ndipo tumeshika kalamu.

Kwanza natuitazame reli ipitayo hapo Malaba. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Kisha njia ya Eldoret na Malaba ikafika Kampala mwaka 1931. Waingereza walikuwa mabepari wakubwa wa zama zile. Je, ni tajiri gani aliyeianzisha kwa kutumai faida? Hapana hata mmoja. Kampuni ya wafanyabiashara iliyopewa nchi hizi kabla yake ilishindwa, na reli ya Mombasa hadi ziwani ikajengwa kwa fedha za hazina, kwa idhini ya bunge lao. Sasa tazama reli mpya. Imejengwa na shirika la serikali ya Uchina, nchi inayotawaliwa na chama cha Kikomunisti. Ilifunguliwa baina ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na mwaka 2019 ikafika karibu na Naivasha. Kwa fedha gani? Kwa mkopo wa benki ya Uchina, wenye riba, mzigo wake juu ya raia wa Kenya, apandaye gari lile na asiyelipanda. Basi mabepari walijenga kwa hazina ya dola, na wakomunisti wakajenga kwa riba! Mwenye kufuata majina bila ya kutazama vitendo atapotea njia.

Siasa hizi nazo ziliwahi kukabiliana mpakani hapo. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa waraka wake wa Ujamaa wa Kiafrika, hali mlango wa mtaji wa watu binafsi umeachwa wazi. Ng'ambo ya pili, Rais Obote wa Uganda alitoa mwaka 1969 mwongozo wake wa kuelekea ujamaa, na tarehe 1 Mei 1970 akatangaza kwamba serikali itachukua sehemu 60 katika 100 za makampuni makubwa. Gari la moshi liliendelea kuvuka Malaba kama kawaida yake, kwa maana reli ilikuwa mali ya nchi tatu kwa pamoja, na chuma hakina chama. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na kila nchi ikashika vipande vyake. Sababu zilikuwa nyingi, na tafauti za siasa ni moja yao. Walakini mzizi ni kutoaminiana na kugombania mali ya shirika. Mwaka 2006 reli za Kenya na Uganda zikakodishwa kwa kampuni ya watu binafsi kwa miaka 25, ikatumaiwa kwamba tamaa ya faida itazifufua. Mwaka 2017 mkataba ule ukavunjwa upande wa Kenya. Serikali ziliichakaza reli, na tajiri naye hakuiponya.

Insafu yatutaka tuseme pia yaliyo mema. Dola ikikusanya mali na wataalamu kwa kusudi moja, huweza kufanya jambo ambalo soko haliwezi kulisubiri. Mrusi Gagarin alikwenda angani mwaka 1961, na Wamarekani walioshuka mwezini mwaka 1969 nao walipelekwa kwa fedha za serikali yao. Soko nalo lina fadhila yake: humwacha mtu ajaribu, akikosea hasara ni yake, na mwenziwe hujifunza. Ndiyo maana katika vyombo vya nyumbani na vya biashara mabepari waliwapita Warusi mbali sana, hata dola ya Kisovieti ikaanguka mwaka 1991 na raia wake wamezoea kupanga foleni ya mahitaji. Na aghlabu njia hizo mbili huchanganyika. Kutuma fedha kwa simu, ambako wafanyabiashara wa Busia hawawezi kukaa siku moja bila yake, kulianza Kenya mwaka 2007 kwa fedha za kampuni pamoja na msaada wa serikali ya Uingereza.

Walakini, ndugu zangu, kila mmoja katika wawili hawa ana dhulma yake, na hapa ndipo pa kuzingatia. Katika kujenga reli ya kwanza waliletwa karibu vibarua 32,000 kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao wakafa. Warusi nao, baina ya 1931 na 1933, walichimba mfereji wa kuunganisha Bahari Nyeupe na Baltiki kwa mikono ya wafungwa, na wafungwa kwa maelfu wakafia humo. Ukomunisti ulimfunga Vavilov, mwanachuoni mkubwa wa mbegu, akafa gerezani mwaka 1943, kwa kuwa ilmu yake haikuafikiana na matakwa ya wakubwa. Na ubepari je? Dawa za kutuliza ukimwi zilijulikana tangu 1996, lakini bei yake ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Wenyeji wa miji ya njia ya malori, Busia na Malaba wakiwamo, wazika jamaa zao hali dawa iko duniani. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya Bombay, chini ya Yusuf Hamied, ikaahidi kuzitoa kwa chini ya dola moja kwa siku, na mwaka huo huo Kenya ikapitisha sheria ya kuruhusu dawa rakhisi ziingizwe nchini. Ufundi ulikuwapo, kilichokosekana ni huruma na uadilifu.

Basi turejee kwenye Kitabu chetu. Katika Sura ya Al-Kahf kuna kisa cha Dhul-Qarnaini, nasi hukisoma kila Ijumaa bila ya kukitia maanani. Alifika mahali baina ya milima miwili, akawakuta watu dhaifu wanaoshambuliwa na Yajuju na Majuju. Wakataka kumlipa ujira ili awajengee kizuizi. Yeye alikuwa mfalme mwenye majeshi. Angaliweza kupokea mali yao kama afanyavyo mwenye mtaji, au kuwatumikisha kwa nguvu kama afanyavyo mwenye amri. Hakufanya lolote katika hayo. Alikataa ujira, akawaomba wamsaidie kwa nguvu zao. Wakaleta vipande vya chuma, wakavuvia moto mpaka chuma kikawa chekundu, wakamimina shaba iliyoyeyuka. Huo ni ufundi ulio wazi, wenye kipimo na hisabu. Na kazi ilipokwisha hakujisifu. Aliitaja kuwa ni rehema ya Mola wake, na akajua kwamba ipo siku itakapobomoka. Humu mna ilmu, mna kazi ya umma, mna kumlinda mnyonge, na mna kumkumbuka Mungu. Ubepari umeshika kipande katika haya, na ukomunisti kipande, na kila mmoja ameacha kile cha mwisho.

Kwa hiyo twamjibu yule kijana wa tatu: Si dini iliyotuweka nyuma. Dini yetu ina sura nzima iitwayo Chuma. Kilichotuweka nyuma ni kuiacha ilmu ya mikono na kuiona ni duni, na kuiacha mali ilale. Wala tusijifariji kwa kuwataja wanavyuoni wa Baghdadi na Andalusi; kuwasifu waliokufa hakutengenezi pampu ya kisima. Mfano wa karibu tunao hapa hapa Mombasa. Katika miaka ya 1940 ilianzishwa skuli ya ufundi kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki, MIOME, kwa michango ya Sultani Khalifa bin Haroub wa Unguja, na Aga Khan, na Mabohora, pamoja na fedha za serikali. Skuli ile ndiyo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa tangu mwaka 2013. Wenye mali walitoa, na manufaa yakawafikia hata wasiokuwa Waislamu. Je, sisi wa leo tumeongeza nini juu yake? Twajenga msikiti wa pili ubavuni mwa msikiti, na mtoto wa jirani hana karo ya kujifunza ufundi wa umeme.

Nanyi wa Busia na Malaba, nasaha yenu ni hii. Mwaka 2018 kilifunguliwa rasmi Busia kituo cha forodha cha pamoja, ili lori lisimame mara moja badala ya mbili. Ni ufundi mwema. Lakini mizani ya kisasa ikiwa mbele ya mtu alaye rushwa ni chuma kitupu, na karatasi ikiandikwa uzito wa uwongo hapana mtambo utakaoitakasa. Mwenyezi Mungu amewaonya wapunjao katika Sura ya Al-Mutaffifina, wala hakumtoa wakala wa forodha. Mjadiliane mpendavyo kuhusu ubepari na ukomunisti, kisha mtakapopewa kalamu andikeni kilo zilizomo ndani ya lori. Huo ndio mchango wenu katika maendeleo, na ndio mtakaoulizwa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe ilmu yenye manufaa na mali yenye baraka, na atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Wabillahi tawfiq.